Mkwe Aliyepekua Nyumba Yetu

Nilikaa katika ndoa miaka minne bila kujua baba wa mume wangu ana sura gani. Msishangae. Kwetu Unyakyusa mwanamke akishaolewa anatakiwa kumwogopa baba mkwe wake, na huko kumwogopa hakukuwa maneno matupu. Humtazami, husemi naye, hulitamki jina lake, hampishani njiani. Ukisikia anakuja unaacha kila unachofanya, unatokomea. Nimewahi kuacha maharage yakaungua hadi chungu kikapasuka. Nimewahi kuruka mfereji na debe la maji kichwani, nikaanguka, nikajilaza palepale kwenye tope na kujifunika uso mpaka apite. Yeye naye alijua wajibu wake: alikuwa anakohoa tangu mbali, mara mbili, ili nipate nafasi ya kukimbia. Nilimjua kwa kikohozi hicho, na kwa nyayo zake zilizobaki kwenye udongo, nyayo pana, kidole gumba cha kushoto kimepinda kwenda nje.

Wajukuu zangu nikiwasimulia wanacheka. "Bibi, kumbe mlikuwa mnacheza kombolela na mzee wa watu!" Wacha wacheke. Sisi hatukucheka. Tulifundishwa kwamba mwanamke akikosea hapo ataugua, na akiwa mjamzito, mtoto ndiye atakayeumia. Nimesali kanisani zaidi ya miaka sitini na bado kuna mahali ndani yangu panapoamini hivyo.

Tuliishi milimani, upande wa barabara itokayo Mbeya kwenda Tukuyu, katika miaka ya hamsini. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya misheni. Ualimu alisomea Iringa, akarudi na cheti, baiskeli, na rafiki Mhehe wa Kalenga ambaye walikuwa wanaandikiana barua kila mwezi. Barua hizo ndizo zilizotuletea Chama nyumbani. Sina haja ya kukitaja jina. Siku hizo ukisema "Chama" kila mtu alijua ni kile cha kudai uhuru, na alitazama nyuma kwanza kabla ya kukujibu.

Walimu walikatazwa kuwa na kadi. Aliyekamatwa alifukuzwa kazi. Na kwa kuwa Chama kilikuwa hakijapewa kibali cha kufungua tawi kwetu, mtu aliyekusanya watu na kuandika majina yao alikuwa anajitafutia jela. Mume wangu ndiye aliyekuwa anaandika majina. Aliyaandika kwenye daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, kwa mwandiko wake mzuri ambao mtoto yeyote wa darasa la pili angeutambua. Watu arobaini na kitu, kila mmoja na kijiji chake. Nilimwambia angalau aandike vibaya. Akacheka, akasema mwalimu hawezi.

Daftari hilo alinikabidhi mimi. Nililizamisha ndani ya kapu kubwa la ulezi nyuma ya mafiga, na tangu siku hiyo sikupika kwa amani. Kila nilipochota ulezi wa kusaga nilipapasa kwanza kama lipo. Nilikuwa naomba lisiwepo, na nilikuwa naomba lisipotee, yote kwa pamoja.

Baba mkwe wangu alikuwa upande mwingine kabisa. Alikuwa mzee wa kanisa na mjumbe wa baraza la chifu. Alikuwa akija kwetu mchana, baada ya kukohoa, anakaa kwenye kigoda nje chini ya upenu, na mume wangu anakaa chini karibu naye. Mimi nilikuwa ndani nimejibana nyuma ya ukuta wa matete, nasikia kila neno.

"Tata, nchi hii ni yetu," mume wangu alimwambia siku moja.

"Nani kasema si yetu? Shamba unalolima ni la nani? Kanisa hili nani alibeba mawe yake?" Alikuwa na sauti ya chini, hakupenda kupiga kelele. "We hujaona bendera ikishushwa. Mimi nimeona. Mjerumani alipokuwa anaondoka, sisi tulibeba mizigo ya wote wawili, yule anayekimbia na yule anayefukuza. Kaka zangu wawili walibaki njiani, kaburi lao silijui mpaka leo. Tuliorudi tukakuta njaa. Sasa mnataka ishushwe tena. Mnafikiri inashuka kama nguo kwenye kamba?"

"Safari hii itapanda ya kwetu, Tata."

"Na chifu mtamweka wapi? Na ng'ombe wa mahari? Na adabu ya mtu na mkwewe? Hao wakubwa wenu wa Dar es Salaam wanajua nini habari zetu?"

Mume wangu akacheka kidogo, na nilitamani asicheke.

"Kenya wananyonga watu," mzee akasema. "Walianza hivihivi, majina kwenye makaratasi. Nakwambia mwanangu, nikiliona daftari lenu nitalipeleka kwa chifu kwa mkono wangu mwenyewe. Bora ufukuzwe kazi ungali hai."

Nilipoyasikia hayo nilikaa chini kabisa, juu ya kuni. Mume wangu aliniambia baadaye kwamba mzee ni mtu wa zamani, anapenda kutisha tu. Mimi sikuona kama anatisha. Niliona anaogopa kama ninavyoogopa mimi, na mtu mwenye hofu anaweza kufanya lolote.

Mambo yalikuwa yamefika hata kanisani. Sisi wanawake tulikaa upande wetu kama kawaida, lakini upande wa wanaume uligawanyika. Wazee wa chifu na waliokuwa wanawaunga mkono walikaa mbele, waliokipenda Chama walikaa nyuma karibu na mlango. Hakuna aliyewapanga. Wanaume wazima, wenye ndevu, wanachagua benchi kama watoto wa darasa la kwanza! Na wakitoka nje hawasalimiani, wanajifanya wanafunga kamba za viatu, hata wale wasiokuwa na viatu. Ningecheka kama daftari lisingekuwa kwenye kapu langu.

Shule ilipofungwa, mume wangu alisafiri kwenda Iringa kuchukua kadi kwa yule rafiki yake. Watu aliwaambia anakwenda kumwona mgonjwa. Alitakiwa kurudi Jumatano. Mvua zilikuwa zimechachamaa wiki hiyo, na Jumatano ikapita bila basi lolote kutoka kule. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi sita. Mama mkwe wangu, ambaye angekuwa nami, alikuwa amekwenda msibani bonde la pili. Nilibaki peke yangu, nikisikia kengele ya baiskeli barabarani nasema ni yeye, nikisikia mbwa wanabweka nasema wamekuja kumpekua.

Alhamisi ilikuwa siku ya baraza. Saa tano hivi za asubuhi, nilikuwa napalilia nyuma ya nyumba, nikasikia kikohozi. Mara mbili, lakini karibu mno na haraka haraka, kama mtu aliyekuwa anakimbia. Nilitupa jembe nikaingia migombani, nikachutama nyuma ya shina, nikajifunika kanga usoni. Nilijiuliza kwa nini mzee aje siku ya baraza, saa za baraza, na anajua kabisa mwanawe hayupo.

Nilitegemea atakaa upenuni kidogo aondoke. Kigoda sikukisikia. Nikashusha kanga kidogo, nikaona miguu yake ikivuka kizingiti cha mlango wangu. Baba mkwe kuingia nyumba ya mkwewe! Sijawahi kusikia jambo kama hilo tangu nizaliwe. Halafu nikasikia vyungu vinasogezwa, kisha debe linaanguka, na hapo nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: alikuwa anatafuta daftari. Anatimiza alichoapa. Mwanawe hayupo, mkwewe lazima akimbie, baraza limekaa linamngoja alipeleke.

Nitawaambia kweli, nilikaa pale muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nikiingia, mtoto wangu. Nisipoingia, baba yake. Nilishika tumbo kwa mikono miwili nikaona linacheza. Nikasimama. Sikumbuki nilivyotembea.

Ndani mlikuwa na giza na moshi. Nilimwona kisogo kwanza, mvi tupu. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya mafiga, amemwaga ulezi wote chini, na daftari lilikuwa mkononi mwake. Nikalikamata upande wa pili. Akageuka.

Nikamwona. Alikuwa mzee mdogo kuliko sauti yake, ana kovu chini ya jicho, na mdomo wake ulikuwa mdomo wa mume wangu uliozeeka. Alifumba macho kwa nguvu, kama mtoto anayesubiri kuchapwa, lakini daftari hakuliachia. Nami sikuliachia. Tukavutana hivyo, mkwe na mkwe, bila neno, maana mdomo hauruhusiwi kufunguka. Jalada likachanika. Sijui tulivutana muda gani. Angekuwa mtu mwingine yeyote angesema neno moja tu na jambo lingekwisha.

Mwishowe mzee akaugeuza uso kwenye mafiga, akayaambia mafiga, siyo mimi:

"Wanakuja kupekua. Nimetoroka barazani. Nilitaka kulitoa hapa kabla hawajafika."

Nikaliachia kana kwamba limenichoma. Lakini muda ulikuwa umekwisha. Sauti za wanaume zilikuwa zimeshafika kwenye kijito chini ya nyumba, wanacheka, wanakung'uta tope miguuni, na njia kutoka pale inatazama mlango moja kwa moja. Nyumba yetu haikuwa na mlango wa pili. Naomba mlielewe hili, kwa sababu mimi sikuacha kulifikiria maisha yangu yote: kama ningebaki migombani kama mkwe mwema, mzee angetoka na daftari ndani ya koti lake akapita kwenye mahindi, na hakuna mtu duniani ambaye angejua kwamba aliingia. Mimi ndiye niliyemchelewesha.

Aliliweka daftari chini, akanisukumia kwa mguu, akanyoosha kidevu juu, darini. Nikalifunga tumboni ndani ya kanga, nikapanda. Mimba ya miezi sita, na ngazi yetu ilikuwa gogo lililochongwa vidato. Nikajilaza kati ya mahindi na masizi, nikauma kanga. Kupitia nafasi za mianzi niliona sakafu na nyayo zake, kidole kilichopinda kimezama kwenye ulezi.

Walikuja watatu, matarishi wawili wa chifu, watu wa kwetu, na karani wa baraza, kijana aliyetoka kule tambarare Usangu ambaye mila zetu hakuzijali sana. Mzee alikwenda akasimama mlangoni.

"Shikamoo mzee," karani akasema. Sauti yake ilikuwa na mshangao. "Tumekutafuta barazani."

"Nimewatangulia. Nimeshapekua mwenyewe."

Tarishi mmoja, nilimtambua kwa sauti, akasema polepole: "Umeingia humu, mzee? Kwa mkweo?"

"Mkwe wangu amekimbilia migombani. Nyumba tupu. Nimeingia."

"Mh," akasema yule tarishi, na ile "mh" nimeisikia miaka mingi.

Karani hakutosheka. Aliingia hatua mbili, nikaona viatu vyake. Mtoto alicheza tumboni, daftari lilikuwa limembana, na niliogopa kwamba hata kucheza kwake kutasikika. Punje ya hindi ikateleza chini ya kiwiko changu, ikadondoka sakafuni, ikalala karibu na viatu vya karani. Mzee akaikanyaga.

"Tazama," akasema. "Vyungu nimepindua. Mpaka ulezi nimemwaga. Au karani unaniona mimi mwongo?"

"Hapana mzee. Lakini ni mwanao."

"Ndiyo maana nimepekua mimi. Mwanangu angekuwa na makosa, ningemleta mwenyewe. Andika kwamba hakuna kitu."

Karani akaandika. Nilisikia penseli inavyokwaruza karatasi. Kisha akamwambia aweke alama, na baba mkwe wangu, mzee wa kanisa ambaye hakuwahi kuchelewa ibada, ambaye aliwatoza faini watu kwa kusema uongo barazani, akaweka dole gumba lake juu ya uongo. Wakaondoka naye. Hakutazama juu hata mara moja. Alipofika njiani alikohoa, mara mbili, nadhani kwa mazoea.

Nilikaa darini mpaka mguu mmoja ukafa ganzi. Nikashuka. Kisha nikaokota ulezi, punje kwa punje, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine kwa mikono yangu, na daftari nikalifukia chunguni chini ya mgomba.

Mume wangu alifika Jumamosi, tope mpaka magotini. Basi lilikuwa limekwama Igawa siku tatu, daraja limefunikwa na maji, na wao wanalala kwenye vibanda vya wauza ndizi. Kadi zilikuwa zimeshonewa ndani ya koti lake. Kabla hajafika nyumbani majirani walishampa habari: baba yako amepekua nyumba yako. Ameingia kwa mkeo. Alinikuta jikoni, akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama ni kweli.

Nikasema ni kweli.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Sentensi mbili zingetosha. Lakini ningesemaje kwamba nilisimama mbele ya baba mkwe, nikamwona uso, nikanyang'anyana naye kitu mkononi? Wazee wa ukoo wangeitwa. Ningesafishwa mbele ya watu, na mtoto akizaliwa na kasoro yoyote, hata chunusi, ingekuwa ni mimi. Mdomo wangu ulifunguka ukasema:

"Migombani. Daftari nilikuwa nimeshalifukia."

Akanishika bega, akaniita mwanamke shujaa. Na kwa baba yake hakukanyaga tena.

Mtoto alizaliwa mzima, msichana, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Kila alipopata homa nililia kabla yeye hajalia. Mzee, kwa upande wake, alichinja ng'ombe kuwaomba radhi wazee wa ukoo kwa kosa la kuingia nyumba ya mkwe. Hakueleza zaidi. Mimi kama niliyekosewa nililetewa paja zima. Nililipika nikalila, kwa sababu nisipolila wangeuliza.

Mwaka uliofuata kibali cha tawi kikapatikana, na watu waliokuwa wanajificha wakatoka nje kwa wingi. Mume wangu aliacha ualimu, akawa katibu wa Chama hadharani. Nilimwonea fahari, nisiseme uongo. Aliposimama kuhutubia watu walinyamaza, na mimi nilisema moyoni, huyu ni wangu. Nchi yetu niliipenda pia. Nilipokuwa nasikia neno uhuru nilisisimka kama kila mtu. Lakini nilianza kuona kwamba hofu ilikuwa haijaondoka kijijini kwetu. Ilikuwa imehama benchi tu. Sasa waliokaa mbele kanisani walikuwa wenye kadi, na wazee wa chifu walikaa karibu na mlango.

Jumapili moja baada ya ibada kulikuwa na mkutano uwanja wa mpira wa shule. Mume wangu alisema nchi ina watu wa aina mbili, wanaoipenda na wanaoiuza. Watu wakapiga makofi. Akasema yeye hatazami undugu.

"Mimi baba yangu mzazi alipekua nyumba yangu kwa niaba ya mkoloni. Aliingia mpaka kwa mke wangu mjamzito. Watu wa namna hii tufanye nao nini?"

Sauti zikajibu kutoka kila upande. Wasisaidiwe kulima. Wasipewe moto. Mmoja akasema, wasizikwe na mtu. Nilikuwa nimekaa katikati ya wanawake, mtoto mgongoni. Kwetu kumwambia mtu hatazikwa ni kumuua angali anatembea. Nikasikia kikohozi nyuma ya umati, nikajua yupo, na nikainamisha uso.

Mwenyekiti alikuwa na chembe ya haki. Akauliza: "Mzee mwenyewe yupo. Ana la kusema?"

Umati ukageuka. Mimi sikuruhusiwa kugeuka. Nilisubiri aseme. Nilimwombea aseme, na wakati huohuo nilikuwa naomba Mungu amfunge mdomo, kwa sababu akijitetea lazima anitaje mimi, darini, na mikono yetu miwili kwenye daftari moja. Zaidi ya yote niliogopa kwamba mtu angeniuliza.

"Sina la kusema," mzee akasema.

Basi nami sikusema. Mikono ikanyooshwa, azimio la kumtenga likapita. Wanawake waliokaa nami walinyoosha mikono, na jirani yangu akanigusa kiwiko. Nami nikanyoosha mkono wangu.

Sikuweza kulibeba jambo hilo zaidi ya siku ile. Asubuhi yake, mume wangu anajiandaa kwenda kwenye mkutano wa kijiji cha jirani, nilifunga mlango, nikapiga magoti, nikamweleza yote. Kikohozi, ulezi, jalada lililochanika, maneno aliyoyaambia mafiga, dole gumba kwenye karatasi ya karani. Nilidhani atanipiga. Nilidhani atalia, atakimbia kwenda kwa baba yake na kumwangukia miguuni. Nilikuwa tayari kwa yote mawili.

Alikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Rangi ya uso wake ilibadilika, na niliona wazi kwamba ameniamini.

"Umemwambia nani mwingine?" akauliza.

"Sijamwambia mtu."

"Mama?"

"Hapana."

Akavaa kiatu cha pili, akafunga kamba vizuri. "Watu arobaini wameingia Chama jana hiyohiyo kwa sababu ya maneno niliyosema," akasema. "Nikirudi kuyafuta nitakuwa nani?" Akachukua koti lake. Kwenye mlango akageuka, akanitazama mimi na mtoto wake mgongoni, kwa upole kabisa, kama mwalimu anayemwelewesha mtoto mzito.

"Hukuwa darini, mama. Ulikuwa migombani."

Nilisikia baiskeli yake ikishuka kuelekea kijito. Tangu siku ile sikumwogopa tena baba mkwe wangu, wala chifu, wala karani. Nilimwogopa mwanamume niliyekuwa nampikia.